Kisogo Ambacho Kinyozi Hakukitambua

Mwanangu wa mwisho alizaliwa akiwa amekwisha kunyolewa. Nywele zilikuwa zimechongwa mbele, mstari umenyooka kama wa rula, na mkunga akamgeuza huku na huku akaniuliza ni nani aliyemhudumia humo ndani. Nikamwambia sijui, mimi ni mwenye nyumba tu. Anayebisha akamuulize mkunga, na mkunga amekwisha kufa, kwa hiyo limebaki neno langu.

Akawa kinyozi. Hakupata kuwa kitu kingine. Alipokuwa hata kamba za viatu hajui kufunga, alichukua mkasi wangu akamchonga mbuzi wa jirani vizuri mno, mbuzi akawa anapita barabarani kwa maringo na kukataa majani ya jana. Jirani alikuja na fimbo. Akamtazama mbuzi wake, akaiweka fimbo chini, akakaa na yeye anyolewe.

Siku hizi ana duka lake kwenye mtaa wa maduka, kati ya fundi simu na mama mmoja anayeuza ndoo za plastiki. Ni chumba kimoja. Kina viti viwili vya kuzunguka, kimoja kimeacha kuzunguka, kioo kilichotanda ukuta mzima, picha za vichwa vya watu wasiojulikana, na benchi la kusubiria ambalo ubao wake umeng'aa kwa makalio ya watu. Humo kunanukia poda na spiriti. Mtu akiisha kunyolewa, mwanangu humpaka spiriti kisogoni, mtu hukunja uso, naye husema, "Hayo maumivu ni zawadi ya duka." Maneno ni yale yale kila siku na watu hucheka kila siku. Ndicho kipaji chake. Anajua kuigiza. Huigiza mwenye nyumba anavyobisha hodi, huniigiza mimi nikitafuta miwani iliyo usoni kwangu, na wako wateja wanaokuja nywele hazijaota, wanabanana kwenye benchi wapate kucheka bure.

Jambo jingine analojivunia ni visogo. Husema uso mtu anaweza kuukunja anavyotaka, lakini kisogo hakijui kudanganya. Barabarani huwasalimia watu kwa nyuma, kwa majina yao, na hakosei. Siku moja mwizi alipora mkoba akatimua mbio, mtaa mzima ukimfuata, mwanangu akatoka mlangoni na brashi yake mkononi akaita, "Wewe mwenye kovu la shilingi kisogoni, Jumamosi mbona hukuja?" Mwizi akasimama, akageuka, akaanza kueleza kwamba Jumamosi alipata udhuru. Hapo ndipo walipomkamata.

Nyumbani tuko wanne. Mimi, yeye, mke wake ambaye hufua mashuka ya hospitali, na mtoto wao mmoja aliye kwenye miaka kumi na sita. Huyo tunamwita Sindano kwa wembamba wake. Alizaliwa msichana, basi tangu ananyonya nikawa namtania kuwa ni mke mwenzangu, kama bibi anavyomtania mjukuu wa kike. Tulimgombania babu yake marehemu kwa makelele, hadi mpangaji mgeni wa nyumba ya jirani akauliza mzee mwenyewe analala chumba gani.

Mwanzoni mwa mwaka akaja jikoni, akajikunja kwenye kigoda changu.

"Bibi, hilo la mke mwenza tuliache."

"Umemchoka mume?"

"Halinikai. Ukiniita hivyo naona kama umemwita mtu mwingine, na mimi nimevaa nguo zake."

"Basi nikuite mume wangu, kama wajukuu wa kiume."

Akafikiri. Nilipenda alivyofikiri, hakunijibu haraka haraka kama wanavyojibu hawa wenziwe. "Sijui bado, Bibi. Kwa sasa niite mjukuu tu."

"Haya. Na marehemu kabaki wangu peke yangu, afadhali."

Akacheka, akanyanyuka akaosha vyombo vyote. Huyo mtoto na vyombo ni maadui wa siku nyingi, ndiyo nikajua kwamba alichoniambia kilikuwa kizito kuliko alivyokisema.

Baada ya hapo akaanza kufunga kitambaa kichwani, asubuhi mpaka kulala. Mama yake aliyezoea kumsuka Jumapili akaambiwa apumzike. Baba yake hakuona chochote. Kichwa cha mtoto wa kike, alikuwa akisema, ni ofisi ya mama yake, mimi sina hata ufunguo.

Sasa twendeni dukani.

Mimi ndiye mpeleka chakula cha mchana. Nakibeba kwenye bakuli lenye kifuniko, na hukaa pale pale mpaka bakuli liwe tupu, maana nikigeuza mgongo wateja wanakionja mpaka kinaisha. Siku hiyo benchi lilikuwa limejaa, na aliyekaa mwanzo alikuwa dereva wa teksi, mtu mnene mwenye kicheko cha kutingisha vioo. Fundi simu akaingia kutoka dukani kwake hapo jirani, ameishika simu kwa mikono miwili kama amebeba yai.

"Kinyozi, wewe mjuzi wa visogo, hebu tuambie huyu ni mtu gani."

Ilikuwa video. Kuna ukurasa huko mtandaoni unaitwa Mbele Bado, na mwenye ukurasa haonyeshi uso hata siku moja. Utaona mgongo, shati la kola, mabega, kichwa kwa nyuma. Mara anafunga tai, mara anatembea kando ya ukuta mtupu mikono mfukoni. Vijana kwa maelfu wanamfuata na kumwandikia kwamba na wao wako hivyo hivyo, asichoke. Katika video hii kichwa kilikuwa kimenyolewa. Mimi sijui kusoma, lakini fundi simu aliyasoma maandishi yaliyokuwa yanapita chini, akiyavuta kwa pua apate kuchekesha: "Nimejinyoa mwenyewe. Nilizaliwa nikaitwa msichana. Leo kwenye kioo nimemwona mtu ninayemfahamu."

Mwanangu akaichukua simu. Akaangalia, akairudisha mwanzo, akaangalia tena. Benchi zima likamtazama yeye mdomoni. Mtu aliyezoea kuchekesha akitazamwa vile, hana pa kutokea.

"Kwanza," akasema, "aliyenyoa hapa akamatwe."

Wakaanza kutikisika.

"Tazameni. Huku juu pamelimwa, huku pembeni pamesahauliwa. Huyu si mvulana wala msichana, huyu ni kuku aliyenyonyolewa na mtu mwenye haraka." Akavua koti lake la kazi, akalitupa begani, akatembea chumba kizima kwa kutanua miguu kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake, akasimama mbele ya kioo, akajipiga kifua, akasema kwa sauti nyembamba, "Jamani, nimemwona mtu ninayemfahamu." Dereva wa teksi akawa anapiga benchi kwa kiganja. Mwanangu akaona bado, akairudia simu, akaweka ncha ya kitana kwenye kioo chake. "Na hapa, mnaona huu mstari wa nywele chini kabisa? Mashine imevunjika jino. Mpaka mashine imemkataa huyu."

Mniulize kama na mimi nilicheka. Nilikuwa nakunywa maji, na maji yalinitokea puani. Semeni wenyewe huko kunaitwaje.

Fundi simu alikuwa ameshika simu nyingine, amemrekodi tangu alipoipokea ile ya kwanza. Akapakia palepale kwenye ukurasa wa duka lake. Video ile ilikuwa na miguu kunishinda. Nilipofika nyumbani na bakuli langu tupu, msichana wa dukani kwenye kona alikuwa anaitazama, na mteja wake anaitazama, na mtoto mgongoni kwa mteja anaitazama. Huko kwenye Mbele Bado watu wakajaa wakaandika kuku, kuku, kuku, wengine wakaweka na picha za kuku.

Jioni mwanangu akarudi anapiga mluzi. Nilikuwa uani naosha kichwa, kitambaa changu nimekitundika kwenye kamba. Akasimama nyuma yangu kunihadithia upya mambo niliyoyaona kwa macho yangu, kwa sababu utamu ulikuwa haujamwisha. Akatembea ule mwendo. Akafika kwenye jino la mashine, akanyamaza.

Nikangoja. "Endelea basi, mbona umekatika?"

"Mama."

"Nini."

"Ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Kwenye ile video."

Lazima niwaeleze. Mimi hunyolewa na mwanangu hapa hapa uani, na hutumia ile mashine mbovu ya nyumbani, iliyowahi kuanguka ikavunjika jino. Huniachia kijistari cha nywele kisogoni, naye husema kichwa cha bibi kiko chini ya kitambaa, nani atakiona. Mashine zake nzima zinalala dukani. Kwa hiyo dunia nzima, mstari ule ulikuwa unatoka mahali pamoja tu.

"Ningekuwa mimi," nikamwambia, "ningejionyesha mbele, watu wapate kitu cha kutazama."

Hakucheka. Akaingia ndani, nikasikia droo ya kabati. Akarudi ameishika mashine. Ilikuwa imepakwa mafuta na kufutwa vizuri, kazi ya mtu anayejali kitu cha mwenyewe, ila kwenye pembe ya meno kulikuwa na vinywele vimenasa. Akavitoa kwa ukucha akaviweka kiganjani. Vilikuwa vyeusi. Mimi ni mweupe kichwa kizima tangu zamani.

Mke wake alikuwa bado kazini. Ukimtoa yeye mwenyewe, nyumbani mle alikuwepo mmoja tu mwenye nywele nyeusi.

Akaenda mpaka mlango wa chumba cha mtoto, akasimama. Mimi nikamfuata na maji yananitiririka shingoni, kwa sababu mambo ya namna hii hayasikiki vizuri ukiwa uani. Mlango ukafunguliwa kabla hajagonga. Sindano alikuwa na simu mkononi. Macho yalikuwa makavu na mekundu. Akafungua kitambaa chake taratibu, akageuka, akampa baba yake kisogo.

"Angalia vizuri," akasema. "Dukani uliniangalia, ukarudisha nyuma, ukaniangalia tena. Nilidhani utaacha. Nilidhani hapo ndipo utanijua."

"Mimi sikujua kuwa ni…"

"Kwa hiyo angekuwa mtoto wa mtu mwingine ingekuwa sawa?"

Hapo mwanangu ilifaa anyamaze. Ningekuwa karibu ningemkanyaga mguu. Lakini alikuwa amejaa hofu, na hofu ikafungua mdomo wake. Akasema kwa sauti ya chini, "Watu wakijua ni wewe, mimi nitafunga duka."

Sikuona uso wa mtoto, maana alikuwa ameelekea dirishani. Niliona mabega tu. Yalishuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo baada ya kuambiwa kwamba alipokuwa anaupeleka hakuna mtu. Akafunga mlango kwa kisigino bila kugeuka.

Kuanzia siku ile mwanangu hakuuona tena uso wa mwanawe. Mtoto alikuwa anamsalimia, adabu zote anazo, ila kwa mgongo. Mezani alikigeuza kiti, akaweka sahani mapajani, akala ametazama ukuta. Kitambaa kaacha kufunga. Kile kisogo na mstari wake kilikaa mbele ya mwanangu asubuhi na jioni. Mke wake alipojua yote hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Mimi siku nzima natoa madoa ya watu. Hili lako ulitoe mwenyewe."

Akaenda kwa fundi simu kumwomba aifute. Mwenzake akaifuta palepale, si mtu mbaya, ana watoto na yeye, ingawa hakuambiwa sababu. "Kwangu imetoka," akasema. "Lakini waliokwisha kuichukua ni wengi. Nikupe fagio ukafagie simu za watu?"

Akanunua mashine mpya ndogo, nzuri, ya kushikwa na mkono mwembamba, akaiweka mlangoni kwa mtoto. Jioni niliikuta palepale. Mtu alikuwa anairuka.

Akajaribu maneno. Niliwasikia ukumbini, mimi nikiwa nachambua mboga ambazo nilikuwa nimekwisha kuzichambua.

"Mwanangu, nisamehe."

"Mbona unaninong'oneza, Baba?"

"Nakuomba radhi."

"Kunicheka ulinicheka kwa sauti, mbele ya benchi zima. Sasa radhi ndiyo ya kunong'ona?"

"Unataka nifanye nini?"

"Waambie kile kisogo ni cha nani."

Mwanangu akakaa chini. "Watanicheka."

"Ndiyo."

"Na wewe watakucheka. Shuleni je?"

"Shuleni rafiki zangu wote wanajua, na wasiojua nitawaambia mwenyewe. Mimi nimechoka kujificha, Baba. Sasa anayejificha ni wewe, na unajificha nyuma yangu."

Mlango ulikuwa upande wa baba yake, basi akaondoka kinyumenyume, akaupapasa ukuta mpaka akaufikia. Laiti mambo yasingekuwa yale, ningecheka.

Basi ikawa kazi ya kila siku. Asubuhi mwanangu alitoka nyumbani amekwisha kupanga maneno, nilimsikia akiyasema kwenye choo. Akifika dukani yakamkauka. Wateja walikuwa wengi kuliko zamani, walikuja kwa ajili ya ile video, wakamwomba, "Tupe yule kuku." Akawa anasema koo linamuuma. Mtu anayesema koo linamuuma huku anaongea habari za mpira, watu wanamtazama kwa pembeni. Akaanza kunyoa vibaya. Mtu mmoja alitoka na sharubu upande mmoja ndefu kuliko mwingine, na kwa heshima ya kinyozi hakusema kitu, akawa anatembea ameinamisha kichwa apate kuzilinganisha.

Jioni, kutoka kwenye kile kiti kilichogeuzwa, kulitoka neno moja.

"Leo?"

"Leo wateja walikuwa wachache, mwanangu. Ningewaambia akina nani?"

Kesho yake, "Leo?"

"Leo walikuwa wengi mno, hapakuwa na nafasi."

Nilimwangalia mwanangu akisema hayo. Mtu mzima, ana mvi kwenye ndevu, anadanganya kisogo cha mtoto, na jasho linamtoka. Nimemlea mimi. Nilitamani niingie chini ya meza. Alipomaliza kula hakuenda sebuleni, akakaa nje kwenye giza la ukuta anaosha brashi zake za poda, brashi ambazo hazikuwa chafu, anazikamua na kuzirudia.

Nikamwendea. "Ukiwaambia watacheka, halafu watakwenda kula. Huyu humu ndani haendi popote."

"Si kucheka, Mama." Akaendelea kukamua. "Nikisema ni wangu, wataniuliza kwa nini sikumjua. Mimi, wa visogo. Na sina jibu. Jibu ni kwamba sikuwahi kumtazama."

Nikachukua brashi moja, nikakamua na mimi.

Ikafika siku moja nikiwa benchini na bakuli langu. Kwenye kiti kinachozunguka alikuwa dereva wa teksi, kitambaa kimefungwa shingoni, nusu ya kichwa imekwisha, nusu bado ina msitu. Wengine walijaza benchi, mmoja amesimama mlangoni. Fundi simu akaingia na simu juu.

"Kinyozi, leo hakuna cha koo. Watu huko wanakudai sehemu ya pili. Simama hapo kwenye mwanga, utembee ule mwendo."

"Tembea," dereva akasema kutoka kitini. "Nimeleta na shemeji yangu aone."

Mwanangu akaizima mashine. Nilimsikia mama wa ndoo huko nje akizipanga ndoo zake.

"Kile kisogo ni cha nyumbani kwangu," akasema.

"Kisogo gani?"

"Yule niliyemwita kuku. Ni mwanangu."

Mtu mmoja alianza kucheka, akidhani ndiyo sehemu ya pili yenyewe. Akatazama huku na huku, akakimeza.

"Mimi ndiye niliyewachekesha, nyinyi mlicheka kwa sababu yangu. Simlaumu mtu. Nyinyi wote nawajua kwa nyuma, hata wewe shemeji nikikukata leo kesho nitakujua. Wa kwangu sikumjua. Alikuwa ananifungia kitambaa ndani ya nyumba yangu na mimi sikuuliza kitambaa cha nini." Mikono ilikuwa haijui pa kukaa, akawa anaifuta kwenye koti. "Naona aibu. Ndilo nililotaka kusema."

Dereva akamtazama kwenye kioo. "Aibu ya mtoto kuwa hivyo."

"Hapana. Hiyo nilikuwa nayo mwanzoni, ikanitoa maneno ya kijinga. Hii ni ya kwangu mwenyewe."

"Sasa ni mwanao wa kiume, au wa kike?"

"Ni mwanangu. Ukitaka zaidi ya hapo kamuulize yeye kwa adabu, na akikujibu uje uniambie na mimi, maana mimi bado sijamuuliza vizuri."

Dereva akasimama na kitambaa shingoni. Akasema yeye hanyolewi mahali panapozungumzwa mambo hayo, akamshika shemeji yake mkono, wakatoka. Tukawaona kwenye dirisha wanashika barabara. Walipompita mama wa ndoo, mama wa ndoo akaangusha ndoo. Walipowafikia watoto wa shule, watoto wakasimama wakampisha dereva kama msafara. Dereva akajishika kichwa, upande wenye nywele, halafu upande usio na nywele. Akarudi. Akakaa kitini bila kumtazama mtu.

"Malizia," akasema. "Lakini usiongee na mimi."

"Sawa."

"Na hiyo spiriti polepole."

Mwanangu akamaliza, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alinyoa sawasawa. Waliokuwa benchini wakaondoka mmoja mmoja, wengine kwa kukohoa, wengine kwa kukumbuka safari. Mmoja tu, mzee aliyekaa mwisho, alibaki akanyolewa, akasema wakati wa kutoka kwamba na yeye ana mjukuu. Hakueleza mjukuu gani, akaenda zake.

Fundi simu alikuwa bado ameinua simu. Alikuwa amesahau kuwa ana mkono.

"Unarekodi?" mwanangu akamuuliza.

"Nilikuwa… ndiyo. Samahani. Naifuta."

"Usifute. Iweke ulikoiweka ile."

Alasiri nzima hakuingia mtu. Mwanangu alifagia nywele ambazo hazikuwepo. Nikamwambia twende nyumbani ukampe habari mwanao, akakataa katakata. "Sitamwambia. Nikienda kumwambia nitaonekana nangoja kupewa hongera. Na wewe, Mama, nakuomba, mdomo wako."

Nikanyamaza. Najua hamwamini, lakini nilinyamaza njia nzima, ulimi ulivimba.

Jioni nilipika mimi, kwa sababu mke wake alichelewa na mashuka. Tulipokaa, mwanangu akakitazama kile kiti kilichogeuzwa, kama kawaida, akajishikisha na mkate wake. Sindano akatoka chumbani na simu yake. Akaiweka mezani kifudifudi. Akakishika kiti, akakigeuza, miguu yake ikakwaruza sakafu, akakaa amemwelekea baba yake.

Nilikuwa sijauona uso ule ukiwa wazi vile siku nyingi. Na zile nywele fupi zilimpendeza, niseme kweli, ziliyatoa macho nje. Macho hayo yakamtazama baba yake, wala hayakuwa ya hasira wala ya kusamehe. Yalikuwa yanamtazama tu.

Mwanangu ndiye aliyeshindwa. Aliinua kichwa kidogo, akafika kwenye kola ya shati la mtoto, akarudi kwenye sahani. Akajaribu tena. Masikio yalikuwa yamemwiva. Yeye aliyekuwa anaulilia uso ule, sasa umekuja wenyewe, hana nguvu ya kuupokea.

Mama yake mtoto aliingia, akasimama mlangoni na kapu lake, hakuvua hata viatu.

"Baba," Sindano akasema. "Nipe chumvi."

Mwanangu akatafuta kikopo cha chumvi kwa kupapasa, macho kwenye sahani, akampelekea. Mtoto akakipokea, akajinyunyizia, akachanganya, akala mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Na chakula kile nilikipika mimi, na mawazo yangu yalikuwa mbali, kilikuwa kimezidi chumvi hata mimi mwenyewe sikuweza kukila.